Hope, Expect na Safari ya Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu ameitwa kwenye usaili. Hoteli ya mji wa mbali inatafuta msimamizi wa udobi. Mkataba wa miaka miwili! Na mimi kinyozi nibaki na nani, kioo? Usaili ni kwa Kiingereza. Ameniomba nimsaidie, maana hope na expect zinamchanganya. Nikamwambia hilo aniachie mimi. Mpango ulikuja wenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Nimevuka barabara kwa mpiga picha, anayejiona kazaliwa na Kiingereza mdomoni. Akanieleza, mikono kiunoni. Hope ni kutamani jambo moyoni, liwe lisiwe. Expect ni kuliona linakuja, upende usipende. Akatoa mfano: ana-hope nitamnyoa ndevu bila kumkata, ila ha-expect. Hana adabu yule.
Nimerudi nikamfundisha mke wangu kinyumenyume. Akanishukuru, kisha akanishonea kifungo cha shati. Roho ikanisuta. Nikaituliza kwa chai.

Alhamisi, 7 Machi
Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Amepita. Walimtaka atoe mfano wa maneno yale mawili. Akajibu kwamba ana-hope mumewe atakula vizuri akibaki peke yake, ila ana-expect atashinda kwa chai na mkate. Meza nzima ikacheka, kazi wakampa.
Nikauliza mbona hakusema nilivyomfundisha. Akasema miaka yote hii, nikimwambia kitu bila kumtazama usoni, yeye hukigeuza. Akanishika mkono. Akasema hata yeye anaogopa kuondoka, atanikumbuka mno. Nikalia kidogo. Nimesingizia vumbi la nywele.

Jumapili, 17 Machi
Aliondoka jana. Nyumba imepwaya. Leo amepiga simu: hoteli yao inataka kinyozi pia. Usaili ni kwa Kiingereza. Amenisihi nisome kwa bidii, muda upo.
Kusoma? Mpiga picha atavaa suti yangu, aende kwenye usaili kwa jina langu. Amekubali, mradi nimnyoe ndevu bure. Akipata kazi, naenda mimi kuripoti. Kimo tunalingana, sura zinakaribiana, tatizo ni kipara chake tu. Nimewasha mashine. Nywele zangu zote ziko sakafuni. Mke wangu ataniona sina nywele, lakini ataniona.