Shemeji, Njoo Uzibe Dirisha

Luzira, Kampala
Jumatatu, 14 Februari 2011

Kwa Afande Obita,
Msimamizi wa Ujenzi wa Nyumba ya Kaka Yake,
Mchaguzi Pekee wa Madirisha.

Mheshimiwa Shemeji,

YAH: MADIRISHA MANNE YASIYOFUNIKIKA

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi, mke wa kaka yako, na kutoka kwa mtoto Aloyo, mwenye miezi tisa, ambaye yuko macho. Ninaandika saa nane na nusu mchana, saa ambayo watoto wa watu wengine wamelala. Huyu wa kwetu ameketi mkekani anatafuna kona ya bahasha. Ukiipata imeng'atwa, usisingizie panya.

Najua tunaonana karibu kila siku. Lakini nikikueleza kwa mdomo unacheka, unasema, "Mama Aloyo, wewe umezoea nyumba za kwenu Bunia," kisha unaomba chai. Ndiyo maana safari hii nimeshika kalamu. Karatasi haiombwi chai.

Kwanza nikushukuru. Kaka yako Ocen alipopelekwa Mogadishu kulinda amani, wewe ulibaki kulinda ujenzi. Ukapata akili ambayo sisi wengine hatuna. Ulikwenda kwa wachomeleaji ukayakuta yale madirisha ya chuma yaliyoegemezwa ukutani, ambayo matajiri waliagiza kisha hawakurudi kuyachukua. Watu huyapita tu. Wewe uliyaonea huruma. Ukachukua manne, kila moja limeachwa na mwenyewe, ukamwamuru mwashi ajenge ukuta kuyafuata. Kwa hiyo leo mimi na mtoto tunaishi ndani ya nyumba iliyoshonwa kwa vipimo vya watu wanne tusiowajua. Ni heshima kubwa. Malalamiko yangu ni haya machache.

1. Dirisha la sebuleni. Ni refu, jembamba, na linapanda kwa mshazari. Mchomeleaji alikuambia ni dirisha la kwenye ngazi, ukafurahi sana. Shemeji, nyumba yetu haina ngazi. Haina hata kizingiti cha maana. Mgeni akiingia analitazama, halafu anaanza kutafuta ghorofa kwa macho. Padri aliponitembelea aliniuliza vyumba vya juu tumempangisha nani. Nimejaribu kulifunika kwa kitenge changu cha harusi: kimoja hakifiki, viwili vinafagia sakafu.

2. Dirisha la jikoni, lile la nusu mwezi. Hili nililihangaikia mwenyewe. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda sokoni Kikuubo kutafuta pazia la vibao, lile la kuvuta kwa kamba. Kwa kuwa halipimiki kwa futi, nilikata gazeti mpaka likafanana nalo, nikalibeba. Mama Joska mwenye duka alilikunjua, akaligeuza, akaligeuza tena, akasema, "Dada, hii ni kola ya kwaya?" Nikamwambia ni dirisha. Akaita wenzake. Wakaja watatu. Mmoja akasema dirisha hilo ni la msikiti, mwingine akasema la kanisa, wakashikana kwa maneno, na mimi nimesimama hapo na mtoto anavuta kamba za watu. Mwishowe Mama Joska akanishika mkono kwa huruma: "Dada yangu, mapazia yote yanatoka kiwandani na kona nne. Wewe rudi nyumbani, uongeze kona."

Basi ombi nalileta kwako kama nilivyolipokea. Ongeza kona.

3. Dirisha la pembetatu, chumbani kwangu. Huku siku hizi za kampeni karatasi ngumu zinagawiwa bure, nikaona nitumie akili kama yako. Nikabandika picha ya mgombea udiwani, uso ukiangalia nje. Pembetatu ikamkata, akabaki na paji dogo na mabega mapana. Hazikupita dakika kumi, vijana wake wakaja kunishukuru. Wakaimba mlangoni. Mtoto aliyekuwa amesinzia kwa mara ya kwanza wiki hiyo akaamka akapiga makofi. Kesho yake wakaja vijana wa mpinzani, wakaniuliza kwa upole mwingi mno wao wamenikosea nini. Nikamgeuza mgombea aangalie ndani. Sasa mwanaume nisiyemjua ananitazama ninaponyonyesha, ananiahidi maji safi na barabara. Kaka yako akisikia, mimi sitamweleza. Utamweleza wewe.

4. Dirisha la mtoto, lile la duara. Hapa, Shemeji, utani unaanza kuniishia.

Saa nane jua likigeuka, linaingia humo kama tochi ya askari na kuanguka sakafuni, duara zima. Aloyo analala vizuri kila mahali: mgongoni kwangu, kanisani, hata juu ya boda. Akiwa chumbani kwake, halali. Na asipolala yeye silali mimi, na usiku unajua ni wa meno yanayoota. Tangu Krismasi sijafumba macho mchana. Jumamosi nilikuwa saluni namsuka mteja anayekwenda harusini. Upande wa kulia nilimsuka vizuri, wa kushoto nikasinzia huku vidole vinaendelea. Alipoangalia kioo alimwita mama mwenye saluni. Mama mwenye saluni ameniambia mara nyingine itakuwa ya mwisho, na mikono hii ndiyo inayotulisha pesa ya Mogadishu ikichelewa. Sasa hilo siandiki kwa kucheka.

Nilimwita fundi Tresor kutoka Kansanga anitengenezee kifuniko cha mbao. Alipima kwa kamba mara nne akapata majibu manne. "Mama," akasema, "hili si duara. Hili ni duara lililogongwa na gari." Akaondoka na kamba yake, akisema anakwenda kufikiri. Anafikiri wiki ya pili sasa.

5. Kichwa chako. Nisamehe, lakini nacho kimo kwenye orodha. Mlango tunao. Ndicho kitu pekee chenye kona nne katika nyumba hii. Lakini wewe ukitoka zamu yako gerezani, saa kumi, hupigi hodi. Unalisukuma lile dirisha la mtoto, unaingiza kichwa na mabega, unaita kwa Kiacholi, "Nyara!" yaani binti yangu, kisha unamsimulia mtoto wa miezi tisa habari za mpira. Na hapo, Shemeji, ndipo nilipogundua jambo. Wewe ukiingia, chumba kinakuwa giza. Nilikuja kupima kwa macho: pembeni yako haibaki nafasi hata ya kupitisha wembe. Na mtoto analala! Kila siku, katikati ya mpira, analala fofofo. Ila saa hiyo ndiyo saa yangu ya kumfunga mgongoni niende saluni.

Kwa sababu hizo, naomba uchague moja:

Ama uigeuze nyumba, mgongo uangalie jua. Wewe ndiye uliyeijenga, utajua inashikwa wapi.

Ama uwatafute wale matajiri wanne, uwaombe radhi, waje waishi na madirisha yao.

Ama, na hili ndilo rahisi, uombe ruhusa kwa wakubwa wako uwe unakuja saa nane badala ya saa kumi, uingize kichwa, utulie hapo saa mbili nzima bila kusema neno. Sare hainisumbui. Kigoda uje nacho. Chai nitakuletea kwa nje. Huko kazini kwenu madirisha yote yana kona nne, na sijasikia hata mmoja wa wageni wenu akililia pazia. Kwa hiyo hawatakosa kukuachia.

Nisalimie shangazi, wasalimie wenzako wote wa zamu, msalimie na yule mchomeleaji. Mwambie madirisha yake bado hayajapata wenyewe. Barua hii nitakukabidhi mkononi, ukija na kichwa chako.

Ni mimi, mkeo wa utani na mdai wako wa kweli, mwenye macho mekundu,

Annick, Mama Aloyo

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha Tresor akabisha hodi. Amemaliza kufikiri. Amekuja na kifuniko cha mbao, na Shemeji, kimeingia mara moja, ukingo kwa ukingo. Chumba kikawa giza kama ndani ya chungu. Nikamlaza mtoto, nikajilaza pembeni yake, nikasema Mungu asante.

Hakulala. Alitambaa gizani mpaka ukutani, chini ya dirisha, akaketi. Akawa anaupiga ukuta kwa kiganja na kuita, "Ba! Ba!" Nilimwacha nikidhani atachoka. Hakuchoka. Akaanza kulia, si kile kilio cha njaa.

Kumbe silo jua lililokuwa linamnyima usingizi. Jua lilikuwa linamwambia kwamba unakaribia. Anaketi ndani ya lile duara sakafuni anakusubiri, na ukishafika ndiyo analala, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Ocen aliondoka mtoto ana wiki mbili. Wewe na kaka yako mna paji moja.

Nimemwambia Tresor akibandue. Kifuniko nimekiweka juu ya pipa la maji, kimekaa sawasawa. Futa lalamiko la nne na la tano. La tatu linabaki palepale, uje umtoe huyu diwani chumbani.

Na kaka yako akirudi likizo, tafadhali umpokee wewe njiani umweleze. Mlango asiutumie kwanza. Azungukie dirishani, aingize kichwa, aite. Mtoto atamjua.