Migomba Yangu Haina Doa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo Kisii na Nyamira zimepata bahati ambayo bado hazijaijua: mimi, Mogaka, nimekubali kusomea mimea. Kozi ni ya watu wanaobadilisha kazi. Wengine wanabadilisha. Mimi napandishwa cheo. Miaka ishirini na mbili nimepiga picha za harusi Nyamira mjini na hakuna bibi harusi aliyetoka studio yangu na chunusi. (Studio nilifunga kwa hiari, wateja walipoisha.)

Mwalimu Joyline ni rika la binti yangu Ashley, lakini ana digrii. Amesema Ijumaa watachaguliwa wawili wapige picha za migomba Nyamira nzima, mwaka mzima. Watu wa kwetu Magwagwa nimeshawaambia nimechaguliwa. Kwa hiyo lazima nichaguliwe!

Langoni askari Momanyi alinizuia. Ati picha kwenye kadi yangu ya kozi ni ya kijana fulani. Ati nywele zimeenda wapi? Nimemsamehe. Hana jicho la sanaa.

Jumanne, 4 Machi

Kila mtu amepewa migomba kumi kwenye shamba la kozi, hapa Nyakoe. Piga picha ya jani, tia kwenye kompyuta, programu ihesabu madoa ya ugonjwa, andika kwenye jedwali. Nikacheka kimoyomoyo. Mteja gani hulipia madoa?

Nikapangusa majani. Nikayapaka mafuta kidogo, yang'ae. Nyuma nikatundika pazia langu la studio, lile la maporomoko ya maji. Halafu nikakaa na kompyuta, nikafuta madoa moja moja. Yalikuwa mengi, wacha! Mgongo unaniuma.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Firdaus, yule aliyekuwa akiuza mitandio Kisii mjini, alipata madoa 214. Mimi sufuri. Nikamwuliza kama migomba yake imeshikwa na tetekuwanga. Akasema nicheke tu, mzee, yake na yangu iko mstari mmoja shambani. Wivu mtupu.

Penye idadi ya madoa nilikuwa nimeandika "Hakuna kabisa, asante Mungu." Kompyuta ikakataa, ikataka namba. Nikaipa.

Joyline aliangalia jedwali langu sana. Akaniuliza, tata, yaani baba kwa Kigusii, una uhakika? Nikamwambia jicho hili halijakosea tangu 2003. Akasema kama ni kweli, basi migomba hiyo haishikwi na ugonjwa, na wataalamu watakuja Ijumaa kuchukua miche. Hapo ningeweza kusema kitu. Nilisema waje na gari kubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Magwagwa yote inajua. Watu sita wameniagiza miche. Mke wangu Esnah peke yake hakupiga makofi. Amesema kama nimekuwa daktari, nianze na migomba yake ya nyuma ya jikoni, iliyokauka tangu Januari nikiiangalia kila asubuhi nikipiga mswaki. Nikamwambia nabii hana heshima kwao. Akasema, Baba Ashley, nabii gani anatembea na pazia?

Ijumaa, 7 Machi

Nilifika mapema na panga. Mpango rahisi: jani lenye doa, kata. Nikakata moja. Na la pili. Kufikia saa mbili migomba yangu kumi ilisimama kama nguzo za stima.

Wataalamu wakafika. Wakauliza majani yako wapi. Nikasema migomba bora hunyolewa kabla ya mvua. Mmoja akaanza kuandika, kisha akaacha. Firdaus naye akafungua picha zangu, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, mzee, haya maporomoko yako upande gani wa Nyakoe? Joyline akaomba kamera. Kumbe kamera huweka picha za kwanza, kabla ya kufuta! Madoa 231.

Angalau nilimshinda Firdaus.

Joyline hakunigombeza. Hiyo ndiyo mbaya. Alisema tu, tata, kwa kazi hii doa ndilo bibi harusi. Firdaus amechaguliwa. Nafasi ya pili imebaki wazi mpaka Jumatatu: nipige picha migomba mingine kumi, nisifute kitu. Na nilete picha mpya ya kadi, ya uso wangu wa sasa, maana Momanyi amelalamika tena. Ikiwa imerekebishwa, nirudi nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani nikajipiga picha. Nimeelewa somo kabisa: doa ndilo ukweli. Makunyanzi nimeacha. Mvi za masharubu nimeacha. Jino lililovunjika, lipo. Nimeongeza nywele tu. Kidogo, hapa mbele. Momanyi hatajua.

Esnah amechungulia, akauliza huyo ni mgeni wa nani.

Na kwa kuwa hakuna anayesoma hapa, niandike: kipara changu kina umri sawa na studio. Zile nywele za kwenye picha, za zamani na za leo, ni za bwana harusi mmoja wa Keroka.