YAH: Madalali Kuachwa Nje ya Muungano wa Kupinga Lumbesa

Kibaigwa

Kwako Dada Frida,
Mratibu, Muungano wa Kupinga Lumbesa,
Miyuji, Dodoma.

Dada Frida,

Natumaini kazi zinakwenda na vumbi la Miyuji halijakuzidi. Huku tuko salama kiafya, ila mioyo imeumia. Mimi ni dalali wa mahindi na katibu wa Umoja wa Madalali Tupendane. Tumesikia unakusanya washirika wa kwenda kuwaona wabunge, ili lile gunia linalojazwa mpaka kufurika, likashonewa kilemba juu, na mkulima bado akalipwa gunia moja, likomeshwe. Nia njema kabisa. Lakini washirika uliowachagua, jamani! Naomba kulalamika kwa mpangilio.

1. Umewachukua wakulima, sawa. Umeichukua kwaya ya Ihumwa, sawa, huenda wabunge wakapenda wimbo. Ila shirika la kutetea punda limeingiaje? Nimeambiwa ni kwa sababu punda ndiye anayebeba lumbesa. Na anayemtwisha ni nani? Sisi! Yaani anayebebeshwa amepata mwakilishi, anayebebesha hana.

2. Unataka eti mshirika asiwe na maslahi. Mtu asiye na maslahi huja kikaoni kunywa chai na kusinzia. Sisi tunayo tele, hatutafumba jicho.

3. Hili linaniuma, nalisema waziwazi. Kwenye semina yenu mliwaambia watu wachore ramani ya wadau. Mke wangu Restuta, mjumbe wa wakulima, akaniandika mimi, kwa jina, kwenye kisanduku cha wenye nguvu wanaoupinga muungano. Picha ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nguvu sikatai. Lakini sasa nikimwamkia mama mkwe, anaitikia huku anaangalia pembeni. Restuta naye haniiti tena Baba Elisha, ananiita mdau. Chakula kikiiva, anatangaza kwamba wadau wote wanakaribishwa mezani. Nimechoka, Dada Frida. Nataka kurudi kuwa mume.

4. Nani katika muungano wako amewahi kushona lumbesa kwa mkono wake? Hakuna. Mtapingaje kitu msichokijua? Kwa hiyo kutuingiza tu hakutoshi, tupewe uenyekiti. Tamko la kusomwa mbele ya wabunge tuliandike sisi, lipendekeze lumbesa iondoke polepole. Tuanze na zao lisilolimwa huku, kama karafuu, tuone wananchi wanalipokeaje. Mahindi yatafuata hali ikiruhusu.

5. Mkitukatalia, tutaanzisha muungano wetu wa kupinga lumbesa, wenye madalali watupu. Restuta hataalikwa hata kwa chai.

Nangoja jibu lako la hekima. Wasalimie wenzako wote ofisini, wanakwaya, na watu wa punda pamoja na punda wenyewe.

Wako katika kupinga lumbesa,
Nathanaeli Chidawali

Tanbihi: Barua nilikuwa sijaituma, likanikuta jambo. Restuta alikuja huko kwenu kikaoni, akaniachia mahindi ya kuuza. Kwa desturi yetu dalali hajiuzii mzigo wa nyumbani kwake, humpa mwenzake. Nikampa Sostenes, mwenyekiti wetu wa Tupendane. Loo! Akaja na magunia yake na mshonaji wake, wakajaza, wakashindilia kwa magoti, wakaweka kilemba ambacho hata mimi, na kazi yangu hii, sijawahi kukiona. Nilipopiga kelele akaniambia nitulie, ndiyo desturi ya soko, na akaniita mkulima. Mimi! Dada Frida, futa yote niliyoandika hapo juu. Usimchukue dalali hata mmoja, mimi nikiwa wa kwanza, na nendeni kwa wabunge kesho asubuhi, na punda wenu. Ila nakuomba sana, Restuta asijue kwanza. Mahindi yalikuwa yake.