Baiskeli ya Stima Yenye Alama ya Ng'ombe

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Imefika! Baiskeli ya stima! Ya milima, magurudumu mapana. Bonasi yangu ya majani chai na ya Caren, mke wangu, yote imeishia hapo. Sijuti.

Nimepanda nayo kutoka kituo cha majani hadi juu Kimulot, kile kilima ambacho punda hukataa. Sikutoa jasho. Unagusa pedali kidogo, kitu kinakusukuma kimya kimya, na chai inapita huku na huku ndani ya ukungu. Nilipiga mluzi. Mimi, Kipkurui, nilipiga mluzi mlimani! Wachunaji walisimama na vikapu mgongoni. Mzee mmoja akavua kofia. Juu nilifika na pumzi yangu yote, nikalia kidogo. Sikujua mtu anaweza kupanda mlima huku amepumzika.

Jioni Caren ameniharibia. Amesema baiskeli haitoki bomani tena bila bima. Nimepewa mpaka Jumamosi. La sivyo anamuuzia Ndung'u mwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, pale Litein, ambaye ameshapiga simu mara mbili. Ndung'u! Yule mtu ukiwa na kikohozi atakitaka.

Jumanne, 4 Novemba

Ajenti wa bima amekuja kutoka Kericho. Anaitwa Tabby. Mpole, faili kwapani. Ameomba risiti, nikampa. Ameomba picha, nikampa niliyopigwa nikicheka. Akasema anataka kuona baiskeli, si meno yangu.

Nikamwonyesha usalama wangu. Mnyororo mnene, kufuli, vyote kwenye nguzo ya ua. Akashika nguzo, akaing'oa kwa mkono mmoja, akapitisha mnyororo kwa chini, akairudisha nguzo shimoni. Lo! Hata vumbi hakupata.

Amenifundisha. Kufuli liwe la chuma kigumu, lile la umbo la U. Lipite ndani ya fremu yenyewe, kwa sababu gurudumu mwizi hulifungua na kukuachia. Lifungwe kwenye kitu kilichomwagiwa simiti. Betri itolewe, ilale ndani ya nyumba, ichajiwe mchana mtu akiiona. Nimeandika yote kwenye kiganja. Mwisho akasema ingefaa niweke alama ya kudumu isiyofutika, na kwamba Alhamisi atarudi kunakili namba ya fremu.

Alama ya kudumu! Nilimwonea huruma. Huyu msichana hajui amekuja kwa kina nani.

Jumatano, 5 Novemba

Simiti na kufuli nimelazimika kununua kwa Ndung'u. Aliniuliza kama amwage simiti kwake pia, maana baiskeli inaelekea huko. Nilibeba mfuko wangu nikatoka.

Saa nne. Caren ameenda kupeleka majani. Nimeteremsha kutoka darini kile chuma cha babu cha kuchomea ng'ombe alama. Mwezi mchanga na mistari miwili. Ng'ombe wa babu mwenye alama hiyo hakuwahi kupotea siku mbili.

Betri nimetoa kwanza. Mimi si mjinga. Nikailaza baiskeli, nikatafuta mahali pa siri nisiharibu urembo wake. Nikapata chini kabisa, karibu na pedali. Palikuwa na vitarakimu fulani vya kiwandani. Sikuvijali. Chuma kilikuwa chekundu. Moshi! Harufu ya rangi! Kikazama kwenye alumini ile kama kwenye siagi.

Moshi ulipoisha nilichuchumaa nikaangalia kwa muda mrefu. Alama ya babu yangu, kwenye kitu ambacho babu hangekiamini hata angeapiwa. Nilivua kofia.

Alhamisi, 6 Novemba

Tabby amepiga magoti na tochi ya simu. Akauliza namba iko wapi. Nikamwonyesha mwezi. Akauangalia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba namba iliyochomwa ndiyo kazi ya wezi, na kampuni haiwezi kuikubali bila barua ya polisi kwamba baiskeli ni yangu.

Caren hakupiga kelele. Aliingia ndani akafunga mlango polepole. Heri angepiga kelele.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeipeleka kituo cha polisi mwenyewe, kwa miguu yangu. Sajini Nyang'au aliigeuza juu chini, akaniuliza mtu mwaminifu anachoma namba ya nini. Nikasema ni kwa usalama, afande. Nikatoa risiti. Akasema risiti ina namba, baiskeli haina, kwa hivyo hao wawili hawajuani. Baiskeli ikaachwa imepinduliwa pamoja na mali ya wizi, nami nikawekwa kwenye benchi. Ndung'u alisikia! Alikuja kuuliza polisi watafanya mnada lini.

Hapo akaingia kogo Monicah, nyanya wa kijijini kwetu aliyepita miaka themanini, kushtaki mbuzi wa jirani. Akaona baiskeli imepinduliwa, akasimama. Akasema hiyo ni alama ya boma la Arap Koros, babu yangu, na kwamba mwaka wa njaa alikunywa maziwa ya ng'ombe wao. Akauliza kwa nini wameifungia. Sajini akamweleza kwa heshima kwamba hii ni baiskeli, kogo. Akajibiwa kwamba kogo hajauliza ni mnyama gani, na mali ya watu irudi kwao. Watu watatu nisiowajua kabisa wakainuka kwenye benchi, wakasema hata wao wanaijua.

Nikainuka nami. Babu alikufa kabla sijaota meno, na watu bado wanamjua kwa mwezi na mistari miwili! Sajini akaandika majina yao, halafu akaandika barua.

Jumamosi, 8 Novemba

Nina bima! Fundi amegonga namba upya kwa nyundo, kando ya mwezi, kama barua ilivyoagiza. Tabby alipiga simu kwao, akanisomea mambo ambayo bima hailipi. Kuna kitu kuhusu uharibifu wa mkono wa mwenye mali. Sikusikia vizuri, nilikuwa naangalia kilima. Nikatia sahihi.

Caren ameniambia sikioni kwamba akinusa tena moshi wowote, baiskeli inaenda kwa Ndung'u siku hiyo hiyo. Nimeapa. Kisha nikapanda Kimulot mara tatu.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya ibada nimezungukwa na wanaume! Habari imeenea. Sasa hakuna anayetaka namba, kila mtu anataka alama. Na wa kwanza kwenye foleni ni nani? Ndung'u! Amenunua pikipiki mpya. Ameniita mheshimiwa. Anataka alama iwe kwenye tangi, mbele, mahali watu wataona.

Kesho saa nne, Caren akiwa kituo cha majani. Moshi ni kidogo tu, upepo utaubeba. Ndung'u ameuliza kama amwage kwanza petroli iliyo tangini. Nimecheka sana. Petroli imwagwe ya nini, na chuma nakigusisha mara moja tu? Nimemwambia aje na tangi lake hivyo hivyo, aegemeze pikipiki kwenye baiskeli yangu ili nikiwa nachoma nilinganishe na alama yangu.