Sweta ya Mzee, Saizi Yangu

Jumatatu, 3 Julai 2006

Phelista amepiga simu kutoka Kitale. Dada huyu hapigi simu bila kuomba. Ati Mzee anataka sweta. Na si sweta yoyote: iwe nzuri, ya sufu, nzito, yenye vifungo mbele. Baridi ya Kitale mwezi wa saba haina huruma, na kifua cha Mzee hakijapona tangu Pasaka. Mbona mimi? Kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba. Ukoo huu haujawahi kunipa cheo kingine, ni hicho tu, na kila mara kinakuja na gharama.

Nimefikiri mchana kutwa. Mtu atumie pesa ngapi kwa sweta ya mzee wa miaka sabini na tisa anayekohoa? Sweta nzuri hudumu miaka kumi. Nitaandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: Mzee hana miaka kumi. Nikinunua ya bei rahisi, ataona baridi. Nikinunua ya bei ghali, sehemu kubwa ya sweta itabaki bila mtu. Na biashara imelala. Mahindi bado mabichi mashambani, na dalali wa mahindi asiye na mahindi ni mtu tu mwenye simu.

Jentrix, mke wangu, ameniuliza kama ninapiga hesabu ya sweta au hesabu ya baba.

Jumatano, 5 Julai

Nimezunguka mitumba ya hapa Bungoma asubuhi yote. Niliona moja ya kijivu, nzito kama blanketi, ya kufungwa mbele, ila vifungo vyenyewe vimeng'oka vyote. Shilingi mia mbili. Mwuzaji akasema nitafute vifungo nishone, ni kazi ya jioni moja. Nikakataa. Kifungua mimba apeleke sweta isiyo na vifungo? Phelista angeitangaza kanisani.

Kisha nikaingia duka moja karibu na stendi. Sweta ya buluu iliyoiva, sufu tupu kutoka ng'ambo, ya kuvalia kichwani. Elfu moja na mia nane! Nilicheka. Nikaijaribu ili nicheke vizuri. Kioo kikanionyesha mtu wa heshima. Mtu kama yule hata mimi ningempa mahindi kwa mkopo.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi, jamaa huketi na nguo za marehemu zikagawanywa, na nguo ya juu huenda kwa kifungua mimba. Ndiyo desturi! Basi sweta ya mia mbili ni pesa iliyotupwa, lakini sweta ya elfu moja na mia nane ni pesa iliyowekwa. Mzee atanitunzia tu.

Nimenunua. Saizi yangu, naam. Vifungo haina, lakini huwezi kupata yote.

Jumamosi, 8 Julai

Nimechelewa siku tatu nikingojea lori la rafiki yangu liende Kitale, ili niokoe nauli. Limenifikisha Kimilili likaharibika. Nauli kutoka Kimilili nimelipa, na dereva nimemnunulia chai.

Nimefika nyumbani kwa Mzee, pale kwenye kale kashamba alikonunua zamani na anakoishi na Phelista. Nini naona? Mzee ameketi mlangoni amevaa sweta! Ya kahawia, ya vifungo, kuukuu lakini safi. Phelista akasema ni ya Kang'ethe, jirani. Ati alimwona Mzee akitetemeka akaivua mwilini mwake akampa.

Kang'ethe huyu. Tangu wazazi wake waje kutoka Nyeri wakapakana nasi, yeye ndiye wa kwanza kupanda, wa kwanza kuvuna, na sasa anavalisha baba za watu. Nilitoa sweta yangu kwenye karatasi mbele ya kila mtu na kutaja bei, kwa bahati mbaya tu. Nikamvua Mzee ile ya kahawia.

Kumvisha sasa. Mikono haikupanda! Ikifika mabegani inagoma. Nilijaribu kuanza na kichwa, nikajaribu kuanza na mkono wa kushoto, Mzee akaguna kwa maumivu, macho yakatoka machozi. Phelista akaniambia niache. Akasema ndiyo maana walitaja vifungo, na alinitajia mara mbili.

Mzee aliishika sweta, akaitandaza magotini, akaitazama upana wake.

"Makokha," akasema, "hii ni ya watu wawili. Mwingine ako wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi pia nikacheka, kwa sauti kuliko wote.

Jioni nilirudisha ile ya kahawia kwa Kang'ethe, imekunjwa vizuri. Akasema hana haraka nayo, Mzee akae nayo hadi baridi ipungue. Nikamwambia asante, lakini watoto wa Mzee Walubengo bado wako hai. Mkewe, Wahu, alikuwa kwenye mashine yake ya kufuma. Aliacha kufuma akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Jumapili, 9 Julai

Wahu amekuja baada ya ibada. Amesema sweta inaweza kuokolewa: ataipasua katikati mbele, afume ukingo, aweke vifungo. Hataki malipo. Mzee alifurahi kama mtoto, akaanza kuuliza vifungo vya rangi gani.

Kupasua! Sufu tupu ya ng'ambo! Ikishapasuliwa si ya dukani tena. Nani ataivaa mbele ya wateja? Nimesema kwa upole kwamba Wahu asisumbuke, ninamjua fundi wa kiume Bungoma, bingwa wa sufu, nitamleta hapa wiki hii. Fundi huyo hayupo duniani. Mzee akaniuliza atakuja siku gani. Nikasema karibuni.

Kabla ya kuondoka nimempa Phelista vidonge vyeupe vya kuzuia mende aweke kwenye sweta. Mzee amebaki na koti lake la miaka yote, lile lenye viwiko vilivyotoboka.

Jumatano, 12 Julai

Phelista amepiga. Kitale kumenyesha mvua ya mawe. Mzee analala ameitandika ile sweta kifuani kama kitambaa, na mgongo uko wazi. Ati Mzee ameuliza tena kama fundi amefika. Nikasema fundi ana msiba.

Kisha Phelista akataja jambo lililoninyima raha. Mukhisa amekuja kutoka Bumula kumwona Mzee. Mukhisa ni mtoto wa shangazi yangu, ana duka na tumbo. Ati aliishika sweta, akaipapasa, akauliza ilinunuliwa wapi. Kwa nini mtu apapase sweta ya mgonjwa? Nimemwambia Phelista aifiche wageni wakija. Akaniuliza basi Mzee avae nini wageni wakija. Salio likaisha, namshukuru Mungu.

Ijumaa, 14 Julai

Baba ameaga dunia alfajiri.

Phelista anasema mikono ilikuwa ya baridi tangu jana, hata alipoikandakanda haikupata joto. Kang'ethe ndiye aliyetafuta gari, lakini hawakufika hospitali.

Sijui niandike nini. Nilimwuliza kama sweta iko mahali salama. Nilitaka kuuliza jambo lingine, hilo ndilo lililotoka. Simu ikakatika, na sidhani ni mtandao.

Jumamosi, 22 Julai

Tumemzika Kabuchai, kwenye boma la babu, kama alivyotaka. Watu walikuwa wengi. Kang'ethe na Wahu wamesafiri kutoka Kitale na gunia la viazi. Hata msibani lazima anishinde.

Lakini jana karibu nipate hasara kubwa. Tulipokwenda kumchukua mochari, Phelista alitoa sweta kwenye mfuko. Ati Mzee azikwe nayo, angalau huko asione baridi. Nikasema haiwezekani, mikono haipandi. Mhudumu akasema hilo si tatizo, wao huipasua mgongoni, haionekani. Kila mtu kwa nini anataka kupasua sweta hii?

Nikawaza haraka. Nikasema mzee wa hadhi yake hazikwi na sweta, anazikwa na suti. Wote wakaniunga mkono. Kisha wakauliza suti iko wapi. Wakanitazama nilivyovaa.

Baba yangu amezikwa na suti yangu ya harusi. Mimi nimezika baba nikiwa na suruali ya Kang'ethe, fupi, na fulana ya kampeni za uchaguzi. Lakini sweta imepona.

Nilipotupa udongo, nilimkumbuka akinibeba mabegani kwenda kuona mto ulivyofurika. Mikono yake wakati huo ilipanda vizuri. Nililia sana, na sikujali nani ananiona.

Jumanne, 25 Julai

Siku ya ugawaji. Tumenyolewa asubuhi, kisha tukaketi uani. Baba mdogo Khaoya, ndugu wa Mzee aliyebaki peke yake, ndiye aliyegawa. Nguo zote ziliwekwa kwenye mkeka mmoja, na sweta juu, buluu, ikinukia dawa ya mende. Nilikuwa nimeketi karibu, nimevaa shati jepesi makusudi.

Khaoya akaniita kwanza. Nikasimama. Akasema desturi inajulikana, nguo ya juu ni ya kifungua mimba. Nikanyoosha mikono. Akainama, akaokota koti. Koti! Lile la viwiko vilivyotoboka!

Nikamnong'oneza kwamba pengine amekosea, nguo ya juu ni sweta. Akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba koti huvaliwa juu ya sweta, sweta haivaliwi juu ya koti, na kama nina desturi nyingine niitaje. Nikalipokea koti.

Kisha akasema kuna mtu mmoja ambaye hanyimwi kwenye boma la mjomba wake. Mpwa. Achague anachotaka. Mukhisa alisimama polepole, ingawa moyoni alikuwa ameshachagua tangu siku ile ya kupapasa. Akaivaa palepale. Imemkaa tumboni, mabegani, kila mahali. Watu wakapiga makofi. Hata Jentrix alipiga, kidogo.

Jumatano, 26 Julai

Koti linanuka moshi na dawa ya kuchua. Nilitaka kulitupa jikoni. Nikaingiza mkono mfukoni kwanza, kwa mazoea ya kazi. Kuna kitambaa kimefungwa fundo, na ndani mna vifungo sita. Vikubwa, vyeusi, vya pembe.

Nimempigia Phelista. Hajaniita kaka, lakini amenieleza. Ni vya koti la marehemu mama. Siku ile nilipoondoka Kitale, Mzee alimwambia alitoe sandukuni, akavikata mwenyewe kwa wembe, kimoja kimoja, na mikono ile. Akaviweka mfukoni ili fundi wa Bungoma akifika asikose cha kushona. Kila gari lililopita barabarani alimwuliza Phelista kama ndilo.

Nimekaa na vifungo mkononi hadi vikapata joto. Nilimdanganya mtu aliyekuwa anakata vifungo. Jentrix aliingia, akaviona, akatoka. Leo sili.

Jumamosi, 5 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Nimekutana na baba mdogo Khaoya hapa mjini, amekuja kwa daktari. Amekonda. Amesema tangu mazishi kifua kinambana, na Kabuchai asubuhi kuna baridi. Kisha akaniambia, akishika bega langu, kwamba sasa mimi ndiye mwanawe, maana yeye ana mabinti tu, na kama ninaweza, nimtafutie sweta.

Nilikubali kabla hajamaliza. Na safari hii nimejifunza. Kosa lilikuwa vifungo! Ningenunua ya vifungo, Mzee angeivaa, na kila mtu angejua ni nguo yake ya juu. Halafu Khaoya hana koti kabisa, nimehakikisha. Mukhisa ni mpwa wake vilevile, lakini ameshapata moja, hawezi kuwa na uso wa kuchukua ya pili.

Nimepita mitumba jioni. Ile ya kijivu bado inaning'inia palepale, nani atanunua sweta isiyo na vifungo? Nimeipata kwa mia moja na hamsini. Jentrix aliniuliza kama nimempima mzee kifua. Nikamwambia hakuna haja, nimeijaribu mwenyewe.

Imenikaa vizuri. Vifungo ninavyo.