Ujumbe wa Saa Kumi na Moja Alfajiri

Jumatatu, 2 Juni 2025

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshindwa, soma kimya na usimwambie mtu hata neno moja, hasa mtu wa hapa Nyaishozi, hasa Mzee Elipidius. Naandika kwa kalamu kwa sababu programu ya shajara niliyoipakua iliomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yangu. Niliogopa. Nikaifuta.

Hali ni hii. Mimi ni Lameck, karani wa majaribio katika chama chetu cha wakulima wa kahawa. Majaribio yanakwisha Ijumaa. Katibu, Mama Benadeta, amesema leo mbele ya watu kwamba majina ya wanachama, mia tatu na arobaini, yahakikiwe na yaingie kwenye kompyuta kabla ya Ijumaa saa tisa. Yakiingia, napewa barua ya ajira. Yasipoingia, narudi Kanoni kupalilia migomba ya mama. Na mama ameshatangaza kanisani kwamba nimeajiriwa!

Mzee Elipidius, karani wa miaka thelathini, hajawahi kugusa kompyuta. Analowanisha ncha ya penseli kwa ulimi, anaandika. Amenipa pole. Pole ya nini? Bado sijashindwa.

Nimetazama video saba za jinsi ya kumaliza kazi ya siku nzima kwa saa tatu. Bando limekwisha. Lakini nimeelimika.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza: kugawa siku vipande vya dakika ishirini na tano. Simu inalia, unasimama, unajinyoosha, unaendelea.

Saa mbili na nusu akaja Mzee Projest kuhakiki jina lake. Shikamoo. Marahaba. Za nyumbani, za mama, za Kanoni, mvua ya huko, migomba ya huko. Kisha ng'ombe wake anayekohoa. Ng'ombe huyo ana historia ndefu. Tulipokaribia kikohozi chenyewe, simu ikalia. Nikasimama, nikajinyoosha mikono juu kama video ilivyoagiza.

Mzee akadhani namfukuza. Akavaa kofia, akaondoka. Jina hatukulifikia.

Elipidius akauliza kwa upole kama simu yangu nayo inaumwa, mbona inalia hivyo. Waliokaa kwenye benchi walicheka hadi wakashikana mabega. Mama Benadeta akaniita ndani, akasema mwanachama hafukuzwi kwa kengele, huyo si mwanafunzi.

Majina yaliyoingia leo: manne. Moja ni langu, nililiweka kwa majaribio.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi kompyuta iliandika kwamba inajiboresha, nisiizime. Ikajiboresha hadi saa saba. Saa saba na dakika tano umeme ukakatika. Sijui sasa imeboreka au imebaki njiani.

Nimegundua adui. Ni salamu! Mwanachama mmoja anachukua dakika kumi na tisa, na jambo lenyewe ni dakika moja. Dawa: waitwe wote siku moja, wapange mstari, wahakiki, waende. Nimepata programu inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wote, saa unayotaka, wewe umelala.

Mama Benadeta amekubali, ila niandike vizuri. Nimeandika vizuri: "Njoo ofisini leo saa mbili. Usikose. Mwambie na jirani." Elipidius alisoma juu ya bega langu, akauliza salamu iko wapi, na mbona sijasema watu wanaitiwa nini. Nikamweleza kwamba ujumbe mfupi husomwa haraka.

"Haya, karani," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Sikupenda alivyolitamka hilo.

Utatoka kesho saa kumi na moja alfajiri, kwa namba ya chama. Video inasema ndipo akili ya mtu inapokuwa wazi.

Alhamisi, 5 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa moja na nusu alifika mama mmoja wa Nyabiyonza, Kokwijuka, na mzigo wa kuni kichwani. Nikashangaa. Wakafuata wanaume watatu na mikungu ya ndizi. Kisha maharage. Kisha sufuria mbili kubwa, mikeka, madumu ya maji. Nikadhani wananiletea zawadi! Nikasimama mlangoni nikicheka, nikawaambia karibuni sana, leo ni siku njema.

Mama mmoja alinitazama kama anayemtazama mchawi.

Ningejua! Mimi ni wa hukuhuku! Huku kwetu habari ya kifo haiandikwi. Unaambiwa tu uje. Na anayekuita alfajiri bila kukusalimu, bila kusema unaitiwa nini, ameshakwambia yote.

Kufika saa mbili walikuwa zaidi ya mia mbili. Wakaanza kutazamana kuona nani hayupo. Hayupo mwenyekiti, Mzee Gaspari. Akapigiwa, hapatikani. Basi! Kokwijuka akafunga kanga kiunoni, akapiga yowe, na wengine wakapokea. Mtu akaruka kwenye bodaboda kumfuata dada wa huyo marehemu. Nikajificha nyuma ya magunia.

Saa mbili na robo bodaboda nyingine ikasimama. Akashuka Mzee Gaspari, mkungu mabegani. Simu yake iliisha chaji, ameambiwa na jirani. Akautua mkungu, akavua kofia, akakaa kwenye mkeka kati ya wanaume, akainama kwa aliyekuwa karibu naye.

"Waitu, ndugu yangu, ni nani?"

Kilio kilikatika kama redio iliyochomolewa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee, tulidhani ni wewe." Gaspari akafikiri kidogo, akauliza nani amewaambia.

Mia mbili walinigeukia. Magunia hayakunisaidia.

Aliyeniokoa, inaniuma kuandika, ni Elipidius. Alisema chakula kimeshakuja, kipikwe. Akatoa kiti nje, akakiweka kando ya ukuta, akalowanisha penseli, akaanza: shikamoo, za nyumbani, jina lako ni hili? Mmoja baada ya mwingine, ndizi zikiiva. Alimuuliza hata Projest kuhusu ng'ombe. Majina ya majirani wasiokuja aliyaandika pia. Kufika saa kumi majina yote mia tatu na arobaini yalikuwa yamehakikiwa, watu wameshiba, wanacheka. Wanamwita Gaspari "marehemu". Yeye hacheki.

Ijumaa, 6 Juni

Elipidius alinisomea, nikachapa. Saa nane na dakika hamsini likaingia jina la mwisho. Nimeshinda!

Sijashinda. Mama Benadeta ameonyesha barua yangu, ina sahihi, ina muhuri. Kisha ameifungia kwenye droo. Nitaipata Jumatatu saa nne, nikiwa nimewaomba radhi mwenyekiti na viongozi kumi na watatu wa vikundi. Kwa miguu yangu. Nyumbani kwa kila mmoja. Amerudia "nyumbani" mara mbili, kama anamfundisha mtoto.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeanza kwa Mzee Gaspari. Nilipeleka mkungu. Nilikaa. Nilipewa kahawa ya kutafuna, kama mgeni, nikatafuna. Alinieleza yowe lilivyomfikia dada yake, mama huyo alivyoanguka, viatu alivyopotezea barabarani. Kisha maisha yake Gaspari tangu utoto. Saa nne nzima! Mwishoni akasema amenisamehe, akanipa mkungu mkubwa kuliko niliopeleka.

Wamebaki kumi na watatu. Kwa mwendo huu nitamaliza Jumatano. Barua ni Jumatatu. Mama Benadeta hajui hesabu?

Jumapili, 8 Juni

Nimepata dawa. Ajabu sikuiona mapema.

Radhi ni ileile kwa wote kumi na watatu. Kwa nini niitembeze? Nimeiweka kwenye programu, itatoka kesho saa kumi na moja alfajiri, safari hii kwa namba yangu, ili Elipidius asiingilie. Na safari hii nimejirekebisha. Nimetaja kabisa kwamba watu wasije: "Nisamehe kwa yote. Usije."

Fupi, ya adabu. Nitazima simu mpaka saa tatu, kichwa kipumzike, kisha nikachukue barua.

Ukinihitaji kabla ya hapo, nipo chumba cha nyuma cha duka la Abdulatifu, mlango wa bluu, karibu na kituo cha bodaboda. Usigonge, nashtuka haraka. Pitisha karatasi chini ya mlango. Andika kwa kifupi. Salamu acha.