Kiti cha Mgeni Asiyealikwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Zimesalia siku tano. Jumamosi makumbusho yetu yatafungua maonyesho ya kazi zote za Bibi, mbunifu wa samani ambaye kwa miaka hamsini ameunda viti ambavyo mtu mwenye akili timamu hufikiri mara mbili kabla ya kuvikalia. Viti thelathini na kimoja. Kimoja kimesukwa kwa kamba za viatu. Kingine kinaning'inia darini na hupandwa kwa ngazi.

Siku hiyohiyo, baada ya sherehe, Mkurugenzi atamtangaza Mhifadhi Mkuu. Miaka kumi na tisa nimekuwa Msaidizi! Tunaofikiriwa ni wawili: mimi na kijana tunayemwita Miwani. Miwani ana miaka minne kazini, na ana tabia ya kusoma kila karatasi anayopewa mpaka nyuma yake. Huniita kaka. Sipendi anavyoniita kaka.

Ukumbi wa pili ni wake. Nimeazimia jambo dogo. Kabla ya ukaguzi wa kesho jioni nitasogeza kiti kimoja, hatua mbili tu. Mkurugenzi ana jicho la fundi cherehani, atauona mkengeuko. Sitakuwa nimesema uongo wowote. Nitakuwa nimesogeza kiti.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mungu wangu!

Niliingia ukumbi wa pili saa saba mchana, wote wakiwa kwenye chakula. Nilichagua kiti namba kumi na saba, Kiti cha Mgeni Asiyealikwa, kilichotengenezwa kwa magazeti yaliyoshindiliwa mpaka yakawa magumu kama gogo. Nilikishika kwa heshima zote. Nikakiinua. Kiti kikainuka. Mguu mmoja ukabaki sakafuni.

Nikasikia viatu vya Miwani vikija. Mguu nikautia ndani ya koti, kiti nikakiegemeza ukutani, nikasimama mbele yake kama mlinzi wa ikulu. Akauliza mbona natoka jasho. Nikamjibu kwamba sanaa hunigusa. Akasema pole kaka, akaenda zake.

Saa tisa nilirudi na gundi ya mbao. Nilipaka kwenye tundu, nikapaka kwenye mguu, nikapaka tena pale palipokuwa na gundi tayari. Mguu umekaa. Kwa macho, hakuna awezaye kujua. Kwa makalio, Mungu ndiye ajuaye.

Ukaguzi umepita. Mkurugenzi amemsifu Miwani kwa mpangilio mzuri wa ukumbi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Bibi amewasili. Umri wake miaka themanini na mmoja, mwembamba kama njiti. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku akitutazama viunoni, kama anayetupima.

Kisha akatoa lake. Ana ada yake, alisema: katika kila maonyesho yake, mbele ya waalikwa, huvikalia viti vyote, kimoja baada ya kingine. Kiti kisichokaliwa, kwa maneno yake, ni kuni zenye majivuno.

Themanini na mmoja! Nyonga ile!

Nilipendekeza tuzungushie kamba. Akasema kamba ni ya mbuzi. Nilipendekeza kibao cha Usiguse. Akakichukua, akakikalia. Nikashauri, kwa kujali afya yake, aishie kiti cha kumi na sita. Akaniuliza kama mama yangu mzazi yu hai. Nikasema yu hai. Akasema basi, mwanangu, nenda ukamchunge huyo.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu mkasa huu kama uliompata mwenzangu mmoja wa kazini. Alinisikiliza akipiga pasi. Akasema nimwambie huyo mwenzangu akakiri upesi, kabla hajamwangusha bibi wa watu. Cheo hakiungi mfupa. Kisha akasema huyo mwenzangu avue shati, lina gundi kwenye mkono.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimefika mlangoni kwa Mkurugenzi mara tatu ili nikiri. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili nilikuwa mimi kwenye simu, ingawa hakuna aliyenipigia. Mara ya tatu alifungua mwenyewe, akafurahi kuniona, akasema nimeteuliwa kutoa hotuba ya ufunguzi, maana kwa kusema hakuna aniwezaye. Dakika kumi, ndugu. Kumi tu.

Hapo nikaona mwanga! Kwa mujibu wa ratiba, hotuba inaanza saa nne, Bibi atavikalia viti vyake baada ya hotuba, na saa tano kamili milango inafunguliwa kwa umma. Nikihutubia dakika hamsini, muda wa kukaa utakuwa umekwisha. Hakuna aliyewahi kuvunjika nyonga kwa kusikiliza.

Nimeandika kurasa ishirini na mbili. Nimeanza na jiwe la kwanza alilolikalia binadamu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi



Dakika ya kumi, kwenye jukwaa linalotazama kumbi zote, nilikuwa bado kwenye jiwe. Dakika ya ishirini Mkurugenzi alianza kukohoa. Nilipogeukia kigoda kama msingi wa utu, Bibi alinyanyuka, akatamka bila kunong'ona kwamba kijana aendelee tu, hotuba yake ni ya kusikiliza umekaa. Akaanza.

Kiti cha kwanza. Makofi. Cha pili. Cha tatu alikikalia amekunja nne. Nami nasema! Mdomo uliendelea wenyewe kama redio iliyosahauliwa. Cha tisa. Cha kumi na mbili. Waalikwa wote walimfuata, nikabaki nahutubia migongo ya makoti yao. Kila alipokaa, moyo wangu ulishuka naye; aliponyanyuka, moyo ulibaki palepale. Cha kumi na tano. Cha kumi na sita alikikalia muda mrefu, akafunga kamba ya kiatu.

Halafu akakigeuzia mgongo cha kumi na saba. Akashika ukuta. Akaanza kushuka.

Nikapiga ukelele. Ndani ya kipaza sauti! Bibi, usikae, mguu umevunjika! Ukumbi mzima ukageuka kama shingo moja. Niliruka kutoka jukwaani, nikapenya katikati ya wageni, nikamtangulia, nikaketi mimi. Kilo tisini na nne.

Kiti hakikutikisika.

Naapa, nilicheka kwa furaha. Nilijitingisha huku na huku. Nikawaambia mnaona? Imara kama mwamba!

Bibi hakucheka. Aliinama, akaupapasa mguu ule kama daktari. Akauliza, taratibu kabisa, ni nani aliyeutia gundi. Kisha akaeleza mbele ya wote: mguu ule aliuchonga ili uchomoke. Miaka thelathini na mitatu umechomoka kila alipokaa, polepole, naye akiteremka na ukuta huku watu wakiangua kicheko. Mgeni asiyealikwa huketi, kisha nyumba humkumbusha. Sasa, alisema, hiki kimekuwa kiti tu. Aliyatamka maneno hayo kama mtu atangazaye msiba.

Akauliza kama hakuyaandika yote hayo kwenye mwongozo wa viti vyake. Miwani, kwa sauti ndogo, akasema aliuweka mezani kwa kaka wiki mbili zilizopita. Ni kweli. Kurasa nne za hotuba yangu nimeziandika nyuma ya karatasi zake.

Bibi akanigeukia. Akasema nimemuua mwanawe kisha nikakimbia kuiokoa nyonga yake. Hajui anizabe kofi au aniombee dua. Mkurugenzi hakusubiri sherehe imalizike. Alimtangaza Miwani palepale, mimi nikiwa bado nimeketi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimehamishiwa ghalani. Hakuna dirisha, lakini kuna utulivu wa fikra.

Mhifadhi Mkuu mpya ameniletea kazi mwenyewe: kabati kubwa la Bibi, litakalopelekwa ukumbi wa tatu Alhamisi. Kaka, akasema, soma kwanza maelezo, pande zote mbili. Nimeyahifadhi mahali salama. Nitayasoma nikipata nafasi.

Kabati ni zuri, ila lina kasoro ambayo hakuna aliyeiona. Rafu zote tano zimeinamia kushoto! Kila ukiwekacho juu yake hubingirika na kutoka. Aibu iliyoje kwa mwanamke wa sifa zile! Akija Alhamisi akakuta limerekebishwa, atauliza ni nani mwenye mikono ile. Mkurugenzi atasikia. Miwani atasikia.

Nimeazima nyundo. Rafu tatu zimeshanyooka. Zimebaki mbili.